Boti ya Kukaa Tu

Ipo nchi moja mbali sana na hapa, ng'ambo ya milima ambayo hakuna aliyeihesabu. Msomaji akiona jambo linafanana na la kwao, basi ni macho yake tu. Anawe uso, aendelee kusoma.

Watu wa nchi hiyo wanaheshimu wazee kupita kiasi. Heshima yao haikuishia kwa watu, ilipanda mpaka kwenye sheria. Sheria ikishatungwa kule haifutwi, kwa sababu kumfuta aliyekutangulia ni utovu wa adabu, na nani anaitaka laana? Sheria mpya ikizaliwa husomwa bungeni kwa sauti, na kifungu chake cha kwanza ni salamu: "Shikamooni, sheria mlionitangulia." Wabunge huitikia kwa niaba ya wale wazee: "Marahaba, mwanetu, keti." Nayo inaketi. Mzee anasema pita kushoto, kijana anasema pita kulia, na wote wawili wanakula sahani moja bila ugomvi. Anayetafuta pa kupita ni mwananchi.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Kalunde, mwanamke mwenye subira ambayo majirani walikuwa wakiiazima. Mumewe, Mzee Malembeka, alikuwa fundi wa viti vya mabehewa ya treni. Miaka thelathini na minne alishona viti ili wengine wakae, na kazi yenyewe aliifanya amepiga magoti. Siku ya kustaafu alipewa cheti na saa ya ukutani, akarudi nyumbani akasema, "Kalunde, sasa na mimi nataka kukaa."

Akaanza kuunda boti uani. Boti yenyewe ndogo, ya mbao, ya makasia mawili, lakini ina viti vya sponji vilivyoshonwa kwa uzi wa rangi mbili kama vya daraja la kwanza. Ilimchukua miaka sita. Haikuwa ya kuvua, wala ya kuvusha watu, wala ya mkaa. Ilikuwa ya kukaa, yeye na mkewe, katikati ya lile ziwa kubwa la Mkoa wa Chini ambalo walikuwa hawajaliona ila kwenye kalenda ya duka la dawa.

Boti ikamalizika, macho nayo yakaanza kumalizika. Daktari akamwangalia, akazima tochi yake, akasema, "Mzee, hii ni presha ya macho. Inakula kutoka pembeni kuja katikati. Masika yakiingia, nadhani itakuwa imeshamaliza."

"Masika ni lini?" Bi Kalunde akauliza.

"Wiki saba, mama. Kama mvua haitawahi."

Bi Kalunde akapiga hesabu njiani. Kutoka kwao mpaka ziwani ni saa tatu kwa gari. Wiki saba kwa safari ya saa tatu. Akaona muda upo, tena wa kuchezea.

Mkwe wao, Ndaro, mume wa binti yao, alikuwa na pikapu ya kubebea matofali. Wakaazima tela, boti ikapakiwa, ikafungwa kamba. Asubuhi ile Mzee Malembeka alisimama kando ya kitanda chake akatazama dirisha. "Naliona lote," akasema, "kasoro pembe." Wakaondoka.

Hawakufika mbali. Mwisho wa mtaa askari aliinua mkono, akauliza kibali cha kuvuta.

*

Ofisi ya Vinavyovuta na Vinavyovutwa ya Mkoa wa Juu ilikuwa na madirisha sita, matano yamefungwa. Afisa wa dirisha lililobaki alikuwa kijana mpole, na huo upole wake ndio uliomchosha Ndaro kuliko kama angetukanwa.

"Boti ya nini, bibi?"

"Ya kukaa, mwanangu."

"Ya kuvulia?"

"Hapana. Kukaa."

"Mtabeba abiria?"

"Mimi na mume wangu."

"Mkishafika mkafanye nini?"

"Tukae," akasema Mzee Malembeka.

Afisa akaigeuza fomu, akaigeuza tena. Fomu ilikuwa na vyumba vinne: Uvuvi, Uchukuzi, Ulinzi na Mengineyo. Kukaa hakukuwemo. "Hii itaingia Mengineyo," akasema, "lakini Afisa wa Mengineyo yuko likizo."

"Anarudi lini?"

"Likizo yake na yenyewe ni ya mengineyo. Haina tarehe."

Wiki mbili na siku tatu walikwenda pale kila asubuhi, Bi Kalunde na chupa yake ya chai. Afisa wa Mengineyo aliporudi alikuwa mtu mwenye huzuni. Akasoma fomu yao akatikisa kichwa, akaandika kwa wino mwekundu: STAREHE.

"Ni vibaya?" Bi Kalunde akauliza.

"Si vibaya, mama. Ila mkishaandikwa Starehe mtaangaliwa."

Kisha akawafungulia kitabu. Katika Mkoa wa Juu boti ikiwa juu ya tela ni gari. Gari linalovutwa lina sheria mbili. Iliyo mzee ilitungwa gari la kwanza lilipoingia nchini: mwendo usizidi wa mtu anayetembea, na mtu mzima mwenye akili timamu atangulie kwa miguu ameinua bendera, ili punda wasishtuke. Iliyo kijana ilitungwa mwaka juzi: mwendo usipungue kilomita hamsini kwa saa, ili misafara ya wakubwa isicheleweshwe.

"Tufuate ipi?" Ndaro akauliza.

"Zote. Utamchagua mzazi mmoja umwache mwingine?"

"Punda wenyewe mimi sijawaona tangu nizaliwe."

"Ndiyo maana sheria inafanya kazi. Hakuna aliyeshtuka."

Ndaro akaanza kuvimba. Bi Kalunde akamgusa bega. "Mwanangu," akamwambia afisa, "wewe ungekuwa na mama yako hapa, ungemwambiaje apite?"

Afisa akafikiri kweli kweli, maana alikuwa mtu mwema. "Kwenye mlima mtakwenda mwendo wa miguu," akasema, "na wewe, mama, utatangulia na bendera. Kwenye mteremko mtakwenda hamsini. Hapo utapanda garini, lakini miguu usiisimamishe. Uendelee kuitembeza. Dirisha liwe wazi, bendera ionekane."

Basi ndivyo walivyokwenda. Milimani Bi Kalunde, mwanamke wa miaka sitini na sita, alitangulia na bendera barabarani, na pikapu ikamfuata nyuma ikinguruma kwa gia ya kwanza. Kwenye mteremko alikaa karibu na dirisha, bendera nje, miguu ikikanyaga sakafu ya gari, kushoto, kulia, kushoto.

"Mama, pumzika bwana. Hakuna anayeona," Ndaro akasema.

"Wakituuliza kama nilitembea, nataka niseme nimetembea."

Mzee Malembeka alikuwa akitazama nje, na kila walipofika mahali pazuri aligeuza kichwa chote, kama kuku, kwa sababu pembeni hapakuwa na kitu tena.

*

Mpakani mwa Mkoa wa Kati walisimamishwa na mwanamke mwenye kofia mbili, moja kichwani, moja mkononi, za idara tofauti.

"Shikamoo, bibi. Hiki chombo kinakwenda bila nahodha?"

"Chombo gani, mama?"

"Hicho mnachovuta."

"Huko Juu wametuambia ni gari," Ndaro akasema, akatoa karatasi zote zilizogongwa muhuri.

Mwanamke akazitazama kwa huruma, kama mtu anayeoneshwa picha za harusi ambayo ndoa yake imeshavunjika. "Huko Juu ni huko Juu. Hapa boti ni chombo cha majini."

"Maji yako wapi?"

"Sheria haikusema maji yawe wapi. Imesema chombo cha majini kisiende bila nahodha ndani yake. Nahodha ni nani?"

"Mimi," akasema Mzee Malembeka.

"Basi, babu, rudi chomboni mwako."

Ndaro akamsaidia baba mkwe wake kupanda. Mzee akakaa kwenye kiti chake cha sponji, mara ya kwanza tangu akishone, akaanza kutabasamu. Afisa akavua kofia ya kwanza, akavaa ya pili.

"Huyo aliyekaa kwenye tela ni nani?"

"Ni nahodha. Wewe mwenyewe umesema," Ndaro akamjibu.

"Aliyesema ni Idara ya Majini. Mimi sasa ni Idara ya Barabara. Ni marufuku mtu kukaa au kusimama katika kitu kinachovutwa."

Ni Bi Kalunde aliyeiona njia, maana mwanamke aliyelea watoto saba anajua kupita katikati ya maneno ya watu wawili.

"Kulala je?"

Afisa akavua kofia, akavaa, akavua tena. Akasoma vitabu vyote viwili. "Kulala haikutajwa," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha kidogo, kama mtu aliyeokota kitufe chake kilichopotea.

Mzee Malembeka akalazwa chali, katikati ya viti vyake viwili, mikono kifuani kwa sababu pembeni hapakutosha.

Halafu zikaja sheria za Starehe. Chombo cha starehe, ilisema moja, kisionekane na wananchi walio kazini, kisije kikawatia uvivu. Kifunikwe kwa kitambaa cheupe kutoka ncha mpaka ncha. Bi Kalunde akaenda dukani. Akaomba bafta, mita sita. Mwenye duka aliikata bila kubishana, akaikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili. "Pole sana, mama," akasema.

"Asante, baba. Imeshakuwa safari ndefu."

"Kwetu sote," akasema mwenye duka, akainamisha kichwa.

Kilichowakalisha Mkoa wa Kati ni kipimo cha mapana. Boti ilikuwa nyembamba ya kutosha, lakini kule mapana hupimwa pamoja na kivuli, kwa sababu mwaka fulani mkubwa mmoja alikanyaga kivuli cha trekta akajisikia vibaya. Asubuhi kivuli cha boti kilikuwa kirefu mpaka mtaroni. Jioni kilikuwa kirefu upande wa pili.

"Njooni saa sita mchana," Ndaro akashauri, "jua likiwa utosini."

"Saa sita tunakula," akasema mwanamke wa kofia mbili. "Hakuna kipimo."

"Sasa tufanyeje?"

"Ngojeni siku ya wingu. Wingu likitanda hakuna kivuli."

Hapo ndipo subira ya Bi Kalunde ilipoanza kuchanika, kama nguo inavyochanika kwapani, taratibu na bila sauti. Usiku na mchana alikuwa akimwomba Mungu wingu lisije, maana wingu ni masika, na masika ni macho ya mumewe. Sasa alitakiwa aliombe lije. Kila asubuhi alitoka nje ya kibanda walichopangiwa, akatazama angani, hajui afurahi au alie. Mbingu ilikuwa ya buluu, safi, kama sinia lililooshwa.

"Leo unaona nini?" alimuuliza mumewe.

"Naona uso wako. Masikio siyaoni."

Siku ya kumi na tisa wingu likaja, jembamba. Wakapimwa mbio mbio, wakapita. Kwa mara ya kwanza maishani Bi Kalunde aliogopa kijiwingu.

*

Mkoa wa Chini ulianza kwenye kilima, na kutoka pale ziwa lilionekana. Ndaro alilinyooshea kidole. Mzee Malembeka alikuwa amelala chini ya bafta, hakuruhusiwa kukaa, kwa hiyo akaambiwa tu. "Lipo?" akauliza. "Lipo, baba." "Basi twendeni."

Zilibaki kilomita mbili. Kizuizini palikuwa na foleni ya watu wa kila shida. Palikuwa na wapagazi wa pamba, na mtu mwenye mlango wa mbao aliouliziwa nyumba yake iko wapi, na bwana mmoja wa mizinga ya nyuki aliyekuwa siku ya kumi na moja pale, akingoja nyuki wake wahesabiwe mmoja mmoja. Nyuki wakirudi mizingani jioni ilibidi kuanza upya.

"Hapa boti ni mzigo," akasema afisa wa zamu, mtu mnene aliyeongea amefumba macho. "Mzigo hauna nahodha. Lakini mmekuja na nahodha, na Mkoa wa Kati wamemgonga muhuri, kwa hiyo atabaki alipo kama sehemu ya mzigo. Hilo halina shida."

"Mungu akubariki," Bi Kalunde akasema.

"Shida ni tela. Kibali cha tela ni cha siku arobaini, na zinahesabiwa tangu siku mlipokiomba. Leo ni siku ya arobaini na mbili. Tela linazuiliwa. Boti inaweza kuendelea na safari."

Ndaro akacheka, kicheko kibaya. "Boti iendelee na nini, mkubwa? Ina miguu?"

"Hilo ni la mwenye mzigo."

"Nani anaweza kuliachia tela?"

"Mheshimiwa Mkuu wa Idara peke yake. Yuko kikaoni."

Alikuwa kikaoni siku hiyo, na kesho yake. Ndaro alikwenda mara sita dirishani, akarudi mara sita, mara ya mwisho akakaa chini kando ya gurudumu akafunika uso. Bi Kalunde hakukaa. Alisimama karibu na boti mkono wake ukiwa ndani ya bafta, ameshika mkono wa mumewe.

"Kalunde," sauti ikatoka chini ya kitambaa. "Nione kidole chako."

Akauinua ukingo wa bafta, akaweka kidole mbele ya uso wake. Mzee akatafuta, akatafuta, akakipata.

"Nakiona," akasema. "Kucha. Kucha naiona vizuri."

Bi Kalunde akarudisha ukingo. Akaenda dirishani, akawapita watu wote wa foleni, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwenye mgao wa sukari. "Mwanangu," akasema, na safari hii sauti ilikuwa kavu, "nimetembea na bendera, nimetembea nimekaa. Nimelaza mume wangu chali. Nimeomba mvua ambayo siitaki. Umebaki na nini tena ambacho sijatii?"

Afisa akafumbua macho, akayafumba. "Mama, mbona umetii vizuri sana. Tatizo ni tela."

Ni yule bwana wa nyuki aliyejongea. "Ngoja kwanza, mkubwa. Tela limezuiliwa, sivyo? Boti haijazuiliwa."

"Haijazuiliwa."

"Mabega yanahitaji kibali?"

Afisa akaangalia kitabu, ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. "Mabega hayamo," akasema.

"Jamani," bwana wa nyuki akawageukia wenzake, "mimi nimechoka kukaa. Nani mwingine amechoka?"

Wakasimama saba, wapagazi watano na mwenye mlango na Ndaro, naye akawa wa nane. Wakafungua kamba, wakaingiza mabega, wakainua. Boti ikapanda juu ya vichwa vya watu, imefunikwa nyeupe, mzee ndani yake amelala chali, mikono kifuani. Mbele akatangulia Bi Kalunde na bendera yake, mwendo wa miguu, kama Mkoa wa Juu walivyoagiza. Hakuna sheria hata moja waliyoiacha nyuma. Na mtu akizitii zote kwa pamoja katika nchi ile, sura anayoipata ndiyo hiyo.

*

Mwanamke wa kwanza kuwaona alikuwa anauza vitumbua. Akaacha karai motoni, akajitanda kanga, akasimama. Wanaume wawili wa gereji wakafuta mikono, wakaja wakaingiza mabega yao, kwa sababu kule anayekutana na jeneza hulibeba hatua saba kabla ya kuendelea na lake. Hatua saba zikiisha akaja mwingine. Askari wa makutano akasimamisha magari pande zote nne. Aliyefuata nyuma alimuuliza wa mbele, "Nani huyu?" na wa mbele akasema, "Simjui, lakini tumzike."

"Pole, mama," watu wakamwambia Bi Kalunde.

"Asante," akajibu, maana pole ilikuwa haki yake, na alikuwa anaidai tangu Mkoa wa Juu. Machozi yalikuwa yakimtoka. Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Wiki zote hizo aliulizwa kila kitu. Siku hiyo hakuna aliyemuuliza chochote.

Sheria ya maiti ndiyo mzee wa sheria zote za nchi ile. Imesema neno moja tu, kwamba maiti hazuiwi njiani, na sheria nyingine zote zikikutana nayo huinama na kuamkia. Aliye hai angoje. Aliyekufa apite, naye ndiye raia pekee asiye na haraka.

Nyuma likatokea gari refu jeusi. Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Vinavyovuta na Vinavyovutwa alikuwa ametoka kikaoni. Akaona umati, na mtu wa picha alikuwa pamoja naye, basi akashuka, akaweka bega. Alipomaliza hatua zake saba watu walikuwa wameongezeka, akaona ni vema afike nao mpaka mwisho. Karani wake akakimbia mbele, akarudi na jina na faili la karatasi alizokuwa nazo Ndaro.

Ufukweni palikuwa na geti na mlinzi mwenye vitabu vitatu. Mlinzi akaona bafta, akaona Mheshimiwa, akafungua geti mabawa yote mawili. Boti ikawekwa kwenye mchanga, ncha yake ikagusa maji. Mheshimiwa akasafisha koo.

"Ndugu waombolezaji. Marehemu Malembeka alikuwa mfano. Wapo wananchi wanaofariki vibali vyao havijakamilika, wakaiachia Serikali mzigo. Marehemu hakuwa hivyo. Faili lake nimelipitia kwa undani njiani nikija, kutoka kule kwenye duka la vitumbua mpaka hapa. Alivutwa kwa utaratibu. Alilala alipotakiwa kulala. Serikali iko pamoja na marehemu, tena iko naye karibu zaidi leo kuliko alipokuwa hai."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Bi Kalunde alikuwa ameinama juu ya boti. Chini ya kitambaa mtu alinong'ona:

"Kalunde, anasifiwa nani?"

"Wewe."

"Nimefanya nini?"

"Lala."

"Na kwa heshima yake," Mheshimiwa akaendelea, "naagiza chochote kilichobaki katika faili lake kigongwe muhuri sasa hivi." Karani akagonga hapo hapo juu ya boneti ya gari, mihuri kumi na mitatu, na ule wa tela ukiwemo. Kisha Mheshimiwa akamgeukia mjane kwa sauti ya chini, ile ya picha. "Mama, mzee aliacha neno gani?"

"Alitaka kufika katikati ya ziwa," Bi Kalunde akasema. "Na mimi niwe naye."

Mheshimiwa akainua mkono. Wanaume wakasukuma, Ndaro mbele yao amelowa mpaka kiunoni, meno yameuma mdomo. Mjane hapingwi, hata jaketi la kuokolea hakuna aliyethubutu kumuuliza. Bi Kalunde akapanda, akashika makasia. Alikuwa hajawahi kupiga kasia, lakini amesonga ugali wa shughuli za watu mia tatu, akaona kazi ni ile ile.

Walipokuwa wamefika mbali kidogo, Mzee Malembeka akaifunua bafta, akajikokota, akakaa kwenye kiti chake.

Ufukweni karani akasema, "Mheshimiwa, marehemu amekaa."

"Kwa idhini ya nani?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Hotuba nimeshaitoa?"

"Umeshaitoa. Na mihuri imekauka."

Mheshimiwa akatazama maji kwa muda, kisha akatazama saa. "Basi ni marehemu," akasema. "Mimi siwezi kurudia hotuba." Akapanda gari.

Huku nje maji yalikuwa makubwa na hayakuwa na kibao chochote. Mzee alikuwa anageuza kichwa polepole, akisimama, akigeuza. Alichobakiwa nacho kilikuwa kama tundu la kifungo, na ndani ya tundu hilo alikuwa akilipitisha ziwa kipande kwa kipande, kama alivyokuwa akishona viti, mshono huu mpaka ule.

"Wale wanasema nini kule?" akauliza. Sauti alizisikia, watu hakuwaona.

"Wanaondoka."

"Na kurudi je, Kalunde? Mikoa mitatu tena."

"Wewe umekufa, mume wangu. Nani atakuuliza kibali?"

Mzee akalipima neno hilo, akaona limekaa sawa. "Huku kulia nimemaliza," akasema, "mpaka kwenye yale majani. Geuza kidogo."

Bi Kalunde akapiga kasia la kushoto.

"Hapo. Tena kidogo."

Tone la kwanza la mvua likamwangukia Bi Kalunde kwenye kifundo cha mkono. Hakumwambia. Akapiga kasia.